Nilimwambia Daktari Ni Vumbi

Nilidanganya. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na jingine lolote nitajitetea, na nimechoka kujitetea. Nilimdanganya daktari, nikamdanganya mdogo wangu, na sasa mdogo wangu yuko kaburini. Mtaani kwetu watu wananisalimia kama shujaa. Shujaa! Nikilisikia neno hilo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jina langu sitaliandika. Ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kenya, siyo nchi ila komini, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, mtoto wa kwanza wa mama yangu. Mdogo wangu nitamwita Naomie, ingawa siyo jina lake.

Naomie alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, huu ambao hapa kwetu tunauita SS. Damu yake ilikuwa inajikunja ndani ya mishipa na kukwama, na ikikwama mifupa inauma mpaka mtu anauma shuka. Wenye mtoto wa SS nyumbani hamhitaji nieleze zaidi. Baridi kidogo tu ilitosha kumwangusha. Tangu utotoni alioga maji ya moto, akanywa maji ya vuguvugu, na mvua ya kwanza ya mwaka, ile watoto wote wa avenyu wanakimbilia nje kuicheza, yeye aliitazama dirishani amevaa sweta.

Kosa langu halikuanzia hospitalini. Lilianza miaka sita iliyopita, nilipougua kifua kikuu.

Sikumwambia mtu. Kituo cha afya cha kwetu kila mtu anakijua, na ukionekana pale asubuhi tatu mfululizo, jioni tayari una ukimwi kwa midomo ya watu. Nilikwenda kutibiwa mbali, upande wa Naviundu, ambako hakuna aliyenijua. Mama nilimwambia nina bronkiti, kikohozi cha kawaida tu. Vidonge nilivificha chini ya godoro.

Naomie ndiye aliyevigundua. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mtoto wa SS anakaa ndani sana, basi anasoma kila kinachoandikwa, hata karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa. Alinifuata uani amekishika kile kikaratasi. "Yaya, hii haina dawa ya bronchite," aliniambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Hii ni ya tuberculose. Ju ya nini unatuficha?"

Nilimwomba anyamaze. Akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa, ukimpa siri hata umpige haitoki!

Mwezi wa tatu wa matibabu ikatokea kazi. Kampuni ndogo iliyokuwa inafanya kandarasi kwenye mgodi mmoja, mbali na mji, ilikuwa inaajiri. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kazi, nikila bukari, ugali wetu, ya mama kama mtoto. Walipima damu, wakapima macho, kisha wakatupa kila mmoja kikopo chenye kifuniko: kesho asubuhi ulete makohozi.

Nilikaa na kile kikopo mkononi nikiwa nimekata tamaa kabisa. Naomie akanikuta hivyo.

"Lete kile kikopo," akasema. "Mi siko na tuberculose."

Alikohoa kwa nguvu, akajilazimisha mpaka machozi yakamtoka, maana hakuwa na kikohozi chochote. Akatema, akafunga kifuniko, akanirudishia. "Lakini weye, dawa utamaliza yote, unasikia Yaya? Yote."

Nikamwapia. Najua wapo wengi hapa kwetu waliopita kazini kwa makohozi ya ndugu. Sisemi hivyo ili nipate wenzangu. Nasema tu kwamba mambo haya tunayajua na tunayacheka.

Kazi nikapata. Na kile kiapo nilikivunja ndani ya wiki mbili.

Sababu yake ni aibu hata kuiandika. Dawa ile inageuza mkojo kuwa mwekundu kama damu... hapana, kama Fanta. Kule kambini tulikuwa tunakojoa pamoja, wanaume kumi na wawili, choo kimoja cha mabati. Siku ya kwanza mmoja akanichungulia akasema kwa sauti, "Weye unakunywaka nini?" Wote wakacheka. Niliogopa kicheko kile kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Kikohozi kilikuwa kimeisha, mwili umerudi, nakula vizuri. Nikajiambia nimepona. Vidonge vilivyobaki nikavitupa kwenye shimo la choo hicho hicho.

Miaka ikapita. Sikukohoa tena. Nilisahau kabisa, haki ya Mungu nilisahau, kama mtu anavyosahau jino lililong'olewa.

Halafu ikaja habari ya India. Kwamba kule SS inaponywa: wanachukua uboho wa mifupa ya ndugu mzima, ule wenye seli shina, yaani zile seli zinazozaa damu yote mwilini, wanampa mgonjwa, na mgonjwa anaanza kutengeneza damu mpya. Tulipimwa watoto wote wanne. Aliyelingana na Naomie alikuwa mmoja. Mimi!

Nyumbani kulikuwa sherehe. Papa aliuza kiwanja chake, kanisa likachangia, wajomba wakachangia. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Tukasafiri watatu: mama, Naomie na mimi.

Uwanja wa ndege, mama alipokwenda kupanga foleni, Naomie aliniegemea begani akaniuliza polepole, "Yaya, ile dawa ulimalizaka?"

Mngemjibu nini? Macho yake yalikuwa yananitazama kwa imani yote. Ningesemaje ukweli pale pale, tiketi mkononi, kiwanja kimeshauzwa?

"Nilimaliza," nikasema.

Akacheka, akafunga skafu yake vizuri.

Kule hospitalini tulikuwa na mkalimani, mama mmoja wa Lubumbashi aliyekaa India muda mrefu, anawasaidia wagonjwa wa kwetu. Mwanamke mwenye moyo, simlaumu kwa lolote. Lakini alikuwa anajua kila mtu! Alimjua pasta wetu, alijua tunakaa avenyu gani, aliwahi kusali na shangazi yangu. Simu yake haikuacha kuita kutoka nyumbani.

Wakanipima kila kitu. Siku ya tatu daktari, mwanaume mpole mwenye mvi, aliweka picha ya kifua changu kwenye taa, akaonyesha alama ndogo juu ya pafu la kulia. Akasema maneno mengi, mama mkalimani akanigeukia.

"Docta anauliza, hii alama yenye iko hapa juu ni ya nini? Ulishaka kugonjwa tuberculose? Anasema kama ni ile, haina mbaya, kuko vidonge, atabapatia bote babili, weye na mudogo wako. Itachelewesha kidogo tu."

Mnasikia? Nilielezwa. Mlango ulifunguliwa mbele yangu, wazi kabisa, na mtu akasimama anaushikilia usijifunge.

Nilimtazama yule mama. Niliona habari ikifika Kenya kabla ya jua kuzama: kumbe ana TB, kumbe aliingia kazini kwa makohozi ya mtoto mgonjwa. Niliona kazi ikipotea. Nikaona mama yangu, aliyekaa pembeni, akijua kwamba nilimficha.

"Apana, maman," nikasema. "Ni vumbi tu. Natumika mu mine mwaka tano."

Mama mkalimani akacheka kwa huruma. "Ah, vumbi! Kwetu Katanga vumbi njo bukari yetu!" Akamweleza daktari. Daktari hakucheka. Akauliza tena, kwa wote: nyumbani mmewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu?

Mama akasema hapana, na alikuwa anasema kweli aliyoijua.

Naomie alinitazama mimi kwanza. Ndipo akasema hapana.

Alidanganya kwa ajili yangu. Aliamini nilimaliza dawa, basi aliona hakuna ubaya kunisitiri. Sikuwa na kikohozi wala homa, na vipimo vingine vya siku zile vilitoka vizuri. Wakatuandikia tarehe.

Uboho walinitoa nyongani kwa sindano nikiwa nimelala usingizi wa dawa. Naomie alikuwa ameshachomwa dawa kali za kumaliza uboho wake wa zamani, hana nywele, hana kinga, amewekwa chumba cha peke yake. Uboho wangu ukaingia ndani yake taratibu, mfuko mdogo mwekundu, saa chache tu. Tukaomba. Mama aliimba kwa sauti ya chini.

Na ukashika! Wiki ya tatu daktari alikuja anatabasamu. Seli zangu zilikuwa zimefika kwenye mifupa yake, zimekaa, zimeanza kuzaa damu. Damu ya mviringo, haijikunji. Wiki chache baadaye walipompima, wakasema damu inayotembea mwilini mwake ni yangu.

Siku moja aliomba beseni la maji baridi. Nesi akaruhusu, akaleta. Naomie akaingiza mkono mmoja, akasubiri uanze kuuma. Haukuuma. Akaingiza wa pili. Alicheka mpaka mashine iliyokuwa imefungwa kidoleni ikapiga kelele! Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, na nilicheka pia, na nilijiona kweli ni mtu mwema.

Mwezi wa pili homa ikaanza.

Walimpa dawa hii, haikushuka. Wakabadilisha. Wakatafuta vijidudu kwenye damu, kwenye mkojo, hawakuona. Alikuwa anatoka jasho mpaka godoro linalowa. Nililijua jasho lile. Nilishalilalia mwenyewe, miaka sita nyuma.

Daktari aliniita tena na mkalimani. Kwa mara ya pili akaniuliza. Na mimi, nikiwa nimeshajua moyoni, nikasema apana!

Kwa nini? Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu sasa uongo ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo. Mara ya kwanza ningeaibika tu. Sasa ningekuwa muuaji. Nilijiambia huenda ni kitu kingine, madaktari wa India ni mabingwa, watakiona. Siku nane. Nilimwacha siku nane, huku nikimletea mama chai na kumwambia Mungu yupo.

Siku ya tisa mama mkalimani hakuja, alikuwa na wagonjwa wengine uwanja wa ndege. Nilimfuata daktari kwenye korido. Nikatoa simu, nikaandika kwa Kifaransa: nilikuwa na kifua kikuu, dawa sikumaliza, nilikudanganya. Simu ikageuza maneno kuwa lugha yake. Nikamnyooshea.

Simu! Ilikuwa mfukoni mwangu tangu siku ya kwanza. Sikuwa namhitaji mkalimani ili kusema ukweli. Hata hilo nililijua siku hiyo tu.

Daktari alisoma mara mbili. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliita watu, wakakimbia, dawa za kifua kikuu zikaanza kabla ya saa moja kwisha. Baadaye alinikalisha, akachukua karatasi akanichorea, na simu ikawa katikati yetu inatafsiri.

Alichora mfupa. Ndani yake akachora seli shina chache, akaziwekea macho yaliyofumba. Hizi, akasema, muda mwingi zimelala, hazifanyi kazi kila siku kama nyingine. Mwili unazitunza kama mbegu. Zina njia ya kuzitema nje dawa zinazoingia ndani yake, ili zisidhurike. Sasa vijidudu vingi vinapigana na mwili, na mwili unaviona. Hiki cha kifua kikuu kina ujanja. Kinaweza kuingia ndani ya seli kama hizi na kulala humo humo, bila kuzaliana na bila kuziua. Walinzi wa mwili wanapita nje. Ukimeza dawa miezi miwili, vilivyo nje vinakufa, unajiona mzima. Vya ndani vinabaki vinasubiri mlinzi achoke. Ndiyo maana dawa ni ndefu vile.

Nikamuuliza: basi nilimpa ugonjwa pamoja na uboho?

Aliweka kalamu chini. Akasema hawezi kuapa. Inawezekana ulikuja na seli zangu. Inawezekana ulikuwa umelala ndani ya Naomie mwenyewe tangu siku tulizoishi nyumba moja mimi nikikohoa. Inawezekana hata ni hewa ya mahali pengine. Lakini vile vidonge alivyotaka kutupa, akasema, vingeifunga kila njia, au karibu kila njia.

Wapo watakaoniambia, ndugu, daktari mwenyewe hana hakika, jipumzishe. Hapana. Kwenye njia tatu mimi nimesimama katika mbili, na ya tatu ningeweza kuiziba kwa neno moja.

Waliniruhusu kumwona nikiwa nimefunikwa mdomo na pua. Alikuwa mwepesi, macho makubwa. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia kwamba sikumaliza dawa, kwamba uwanja wa ndege nilimdanganya.

Alifumba macho. Nilifikiri amelala.

"Yaya, usilie," akasema. "Miye njo nilitemaka mu kile kikopo. Na docta, miye pia nilimuambia apana. Tuko babili."

"Haina vile, mudogo wangu. Haina vile hata kidogo."

"Mama asijue," akasema. "Atabakia na nani?"

Alikaa siku kumi na moja baada ya hapo. Dawa ilikuwa sahihi, ilichelewa tu. Mapafu yalikuwa yameshajaa. Alikufa asubuhi, mama akiwa anamsugua miguu kama alivyozoea kumsugua wakati wa SS, ingawa SS haikuwepo tena. Mnaelewa ninachosema? Mdogo wangu alikufa amepona ugonjwa wake! Aliuawa na wangu.

Tuliporudi nyumbani, kwenye kilio pasta alisimama akasema, tazameni upendo wa ndugu, huyu alitoa mifupa yake. Watu wakaitikia. Wanawake wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Mama akawa ananitambulisha kwa wageni wa kutoka Kasai na wa kutoka mashambani: "Huyu njo mutoto yangu, huyu njo alitoa damu yake ju ya mudogo wake." Nami nainamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu.

Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo mtupu. Mimi kifo hakikuniumbua. Kilinipandisha cheo.

Sasa nameza dawa. Kazi nimeacha mwenyewe. Nakwenda kituo cha hapa hapa Kenya, mchana, kila mtu ananiona, na mwezi wa tano unaisha. Wakinong'ona wacha wanong'one. Ila mama bado alikuwa hajui. Nilikuwa nimeshika neno la Naomie kama kinga yangu. Asijue, atabaki na nani. Mpaka nikaona kwamba nilikuwa najificha tena, safari hii nyuma ya marehemu.

Jumapili iliyopita nilimwambia. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisema yote, kikopo, choo cha kambini, uwanja wa ndege, vumbi, siku nane. Aliendelea kutwanga mpaka nusu ya maneno yangu, kisha mchi ukasimama kwenye kinu.

"Docta alikuuliza mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili, mama."

"Na Naomie, yeye alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

Alifuta mikono kwa kitenge chake. Hakulia, hakunilaani. "Toka kwanza mbele ya macho yangu," akasema.

Keshoye alikuwa amepanda gari la Mitwaba kwa dada yake. Hakuniaga. Papa anasema atarudi. Haniambii lini, na mimi siulizi.

Nawaandikia ninyi mnaoficha. Wewe uliyetupa vidonge kwa sababu umeshapata nguvu. Wewe unayemwomba mdogo wako akutemee kwenye kikopo. Wewe ambaye kesho utakaa mbele ya daktari na jirani yako ndiye anayetafsiri. Malizeni dawa, jamani! Hamjui ni kitu gani kimelala ndani yenu, na hamjui siku moja nani ataomba kipande cha mwili wenu ili aishi. Na mkiulizwa, jibuni. Aibu ni ya wiki mbili, watu watapata habari nyingine ya kuzungumza.

Mimi nimeshasema ukweli wangu wote sasa. Nimemwambia daktari, nimemwambia mama, nimewaambia ninyi. Lakini kati ya wote hao hakuna hata mmoja ambaye ukweli huo ungeweza kumponya; wa kuponywa alikuwa mmoja tu, Naomie.